Ukurasa wa Tisini na Nne

Zamu ya usiku, Buffalo, theluji imefika madirishani,
gundi ya kubandikia migongo ya vitabu inanuka kama kwato zilizoungua,
na msimamizi, Dolores Pacheco, ananiambia bila kunitazama:
"Halina, nenda nyumbani. Nitaandika umeumwa."
Nikajua.
Nikabaki.

Kinakuja juu ya mkanda, nakala kwa nakala,
jalada jeusi, jina kwa dhahabu: Royce Tillery.
La kaka yangu halimo.
Kazimierz Wrobel, muuza misumari na makufuli,
aliyeuawa dukani kwake Mtaa wa Clinton
kwa dola mia mbili na kumi na moja, na chenji.
Hesabu naijua. Daftari la mauzo nililifunga mimi.

Kortini, miaka kumi na mmoja nyuma,
Tillery alikuwa na haki ya kunyamaza.
Akanyamaza.
Mama alisimama, akauliza kwa Kipolandi,
kisha kwa Kiingereza chake cha kuokoteza:
"Alisema nini mwanangu? Mwishoni, alisema nini?"
Jaji akagonga meza.
Wakili akamshika mteja wake bega, kama mtu azibaye chupa.

Sasa ana haki ya kusema,
na anasema,
dola ishirini na sita kila nakala.
Ulimi, husemwa, uliponza kichwa.
Wa Tillery umekitafutia mto.

Tulirudi mahakamani, sisi wafiwa,
kuomba fedha zile zizuiwe.
Jaji Prudhomme, mpole, sauti ya mkutubi, alisoma kurasa arobaini:
serikali haina ruhusa ya kuichagua hadithi moja
ikaikamua kwa sababu ya kinachosimuliwa;
leo muuaji, kesho mwizi wa tofaa aliyetubu,
keshokutwa aliyefungwa kwa kukalia kiti alichokatazwa.
Nilimchukia kwa kuwa nilimwelewa.
Baba yangu alifungwa Gdansk miezi tisa
kwa kijikaratasi cha kurasa mbili, kilichopigwa chapa chooni.
Alikisimulia kifungo kile kila Krismasi, akalipwa kwa vodka.
Kwa sheria niliyoitaka mimi, ile vodka ingekamatwa.

Lakini Kaz hakuwa kijikaratasi.
Kaz alikuwa na mtoto tumboni mwa mkewe
na jino la dhahabu alilolionea haya.
Nani atapima tofauti hiyo, na kwa mizani gani?
Mimi sina. Nina gundi vidoleni.

Saa nane usiku nikachukua nakala yenye dosari,
iliyokatwa mshazari, isiyouzika,
nikapekua kama atafutaye mwiba nyayoni.
Tisini na nne.
Anasema aliingia, bastola ndani ya koti,
na Kaz alikuwa amechutama akihesabu bawaba,
hakuinua hata kichwa. Akamwambia:
"Funga mlango, ndugu yangu, baridi inaingia."

Ni yeye.
Hakuna awezaye kuitunga hiyo.
Maisha yake yote alitugombeza kwa ajili ya mlango;
Mama alimwita bawabu wetu.

Nikacheka. Nimekalia boksi la riziki ya muuaji, nacheka,
mpaka Dolores akazima mashine.

Wakili anasema tufungue shauri la fidia.
Miaka mitatu, labda minne. Tutafungua.
Nakala mbovu, kwa mujibu wa kanuni, ni za kusagwa,
nayo kanuni imebandikwa pale ukutani, juu ya birika.
Nilikata ukurasa ule kwa kisu cha kazini,
nikaukunja ndani ya glavu, nikapita mbele ya mlinzi
nikimtakia asubuhi njema.

Nimeuiba. Nauona ni wangu, lakini nimeuiba.
Haya basi ndiyo maelezo ya mhalifu, kwa mkono wake mwenyewe.
Yachukueni.
Sitaki hata senti.