Chupa za Ijumaa

Nimepanga chumba chini ya nyumba ya Bi Gudlaug,
mtaa wa Sandviken, mjini Bergen, ambako mvua
haiji wala haiondoki: ipo tu, kama mwenye nyumba wa pili,
na ingekuwa na akaunti benki ingenidai kodi.

Dari iko karibu na paji la uso.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame, haya;
mimi nalala humohumo mvunguni,
huu mwezi wa nne nainama,
na nilichookota hadi leo
ni soksi iliyoota ukungu.

Mama hupiga simu kutoka Karasjok, kwetu,
ambako baridi ni kali lakini ina adabu:
inakugandisha kope, inakuacha mkavu.
"Ánte, unakula?"
Nakula, Mama.
Simwambii kuhusu ile nyanya
niliyoirudisha mahali pake taratibu,
kama mtu aliyeshika mtoto wa watu.
Simwambii kwamba nyama kavu aliyonitumia
naikata nyembamba mpaka naona taa ng'ambo yake.
Wala kwamba nafua saa tisa usiku,
umeme unaposhuka bei,
nimekaa mbele ya mashine na kitabu cha takwimu,
mimi nayo tunazunguka, tunazunguka,
hakuna anayetakata.

Baada ya upepo wa Jumanne
miavuli ilijaa kwenye mapipa, mbavu nje,
kama kunguru waliopigwa mawe.
Wangu ulikuwemo.
Torunn wa darasani, mzaliwa wa hapa, alicheka:
"Mwavuli ni wa wageni." Akaniuzia koti la babake,
krona mia mbili, linanuka samaki,
na mfukoni tiketi ya kivuko
ya mwaka ambao sijazaliwa.

Mwezi wa kumi Bi Gudlaug aliniuliza, mlangoni,
akiangalia viatu vyangu na si uso wangu,
kama anipunguzie kodi.
Nikasema la, asante, niko sawa.
Na huku mtu akisema yuko sawa
mazungumzo yamekwisha.

Ijumaa iliyofuata nikakuta mfuko ngazini:
chupa nane kubwa za maji ya gesi, tupu,
na karatasi: *Zinanishinda kubeba. Zipeleke wewe.*
Dukani mashine huzimeza moja moja, krona tatu kila koo,
kisha inakutemea risiti.
Ishirini na nne. Mkate, ule wa rafu ya chini.
Ijumaa ya pili, nane. Ya tatu, kumi na moja.
Nikawaza: kumbe kikongwe huyu ana kiu!

Jana mhadhara uliahirishwa, nikarudi mapema.
Dirisha langu liko usawa wa udongo;
watu wa mtaa huu nawajua kwa viatu.
Yakaja mabuti ya kijani, ya Bi Gudlaug,
yakasimama penye mawaridi yaliyokwisha majani.
Mvua ilikuwa inashuka kama iliyotumwa,
bustani nzima imekuwa uji,
na yeye, mkono mmoja umeshika kiuno,
anamwagilia maua.

Chupa ya kwanza. Ya pili.
Povu dogo jeupe likizunguka mashina,
likichapwa na matone, likifa.
Aliikung'uta kila moja hadi tone la mwisho,
akaifunga kifuniko, akaitia mfukoni.

Nilizima taa asijue kwamba nipo.

Nilikaa gizani muda. Nilikasirika kidogo, sitaficha.
Nikapiga hesabu: maji bei gani, chupa bei gani,
amepoteza kiasi gani ili mimi nipate mkate.
Hesabu ikakataa. Na mimi ndiye nasomea takwimu.

Jioni nilitoa nyama, nikakata pande nene,
nene kama za nyumbani,
nikaifunga kwa karatasi, nikaiacha ngazini:
*Nimeletewa nyingi mno. Itaharibika.*
Nyama ile haiharibiki hata miaka miwili.
Na meno yake, sijui kama yanaiweza.

Usiku, juu ya dari, katikati ya mvua,
nilisikia kisu kikigonga ubao,
polepole, muda mrefu.