Tuli

Siku ya kwanza kwa Staniforth, karakana ya Neepsend,
Sheffield, Machi, theluji imegeuka tope,
mzee alininyoshea kiganja bila kugeuza kichwa
akatamka neno moja.
Nikasimama tuli.
Akarudia. Nikazidi kutulia.
Ndivyo sikio langu la Pangani lilivyolipokea:
neno la Kiingereza limekuja bila irabu ya mwisho,
sikio likaipachika lenyewe, bila kuulizwa.
Kumbe alitaka patasi.

Alicheka mpaka akakohoa,
kikohozi cha ukoo wake:
babu msaga visu, baba msaga visu,
wote wamezikwa na vumbi la jiwe kifuani.
Nilimwambia naitwa Mwanakheri.
Akaniita Kerry, tukaanza kazi.

Jioni nililifuata neno lile
kama anayefuata mbuzi aliyeingia shamba la watu.
Kamusi ya maktaba, kurasa nyembamba kama ganda la kitunguu,
ikasema ni kongwe, na zamani lilikaa karibu
na kutengeneza, kukiweka kitu tayari.
Lina ndugu mmoja aliyebaki kwa watengeneza ngozi,
anayeilainisha kwa shabu mpaka iwe nyeupe.
Basi halikuzaliwa chuma.
Lilizaliwa kitendo.

Na kwetu? nilijiuliza ndani ya basi, kioo kimeloa.
Kifaa ni kinachofaa, hakisemi nani alikitengeneza.
Chombo ni bakuli, ni meli, ni redio inayotangaza vifo.
Ala hupigwa ngomani,
na ala hiyo hiyo ni nyumba ya kisu.
Nilishuka kituo kimoja mbele ya changu.

Ijumaa, vijana walimwita mwenzao neno lile,
naye akanywea kama kopo lililokanyagwa.
Nilimuuliza Staniforth. Shingo ilimwiva.
Ni bwege, alisema, mtu anayeshikwa mpini na wengine.
Iko maana nyingine, hiyo atakueleza Maureen.
Maureen, bintiye, alinieleza,
tukacheka mpaka chai ikapoa.

Alinifundisha pia kwamba zana huwekwa chini.
Baba yake aliziweka wiki kumi na moja,
mkono kifuani, mlango wa kiwanda umefungwa,
mama yake akichemsha maganda ya viazi.
Waliporudi, mipini ilikuwa imefanya ukungu.

Mimi nilimpa mchagua jembe si mkulima.
Alitaka niseme mara mbili.
Akaiandika ukutani kwa chaki, juu ya tupa,
jembe likakosa herufi ya mwisho.
Sikulisahihisha.

Novemba, kiharusi.
Kilichukua mkono wa kulia na maneno yote,
kikasahau moja.
Kijiko sasa ni neno lile. Dirisha ni neno lile.
Mvua, uji wa shayiri, Maureen mwenyewe,
wote jina moja, kama sisi na dude.
Muuguzi mmoja, kijana mrefu, alinuna siku mbili,
akidhani anatukanwa kila anapoleta dawa.
Nilimweleza korido nzima, kuanzia ngozi na shabu.
Sijui kama aliniamini.

Jumapili nilikuwa peke yangu naye.
Akanyosha kiganja cha kushoto, bila kugeuza kichwa,
kama siku ile.
Sikuwa na patasi. Nilimpa mkono.
Aliupindua, akapitisha dole gumba kwenye sugu zangu,
taratibu, kama anayepima makali,
akalitamka.

Maana zake zilikuwa nyingi mno chumbani.
Nilikaa tuli,
mpaka wakaja kubadilisha shuka.