Mshono

Torino, Februari. Ukungu umekalia mto Po,
na makao makuu mapya ya kampuni
yamesimama vioo vitupu
kama mtu aliyesahau kuvaa.

Wastaafu wamealikwa. Oreste amekuja
na suti aliyomzikia Ludovica,
akapewa beji, na kahawa
isiyotosha kulowesha ulimi.

Hapa hakuna ofisi, anaeleza binti wa mapokezi,
hapa kuna "nafasi za mawazo".
Oreste anatafuta meza. Anatafuta
hata mtu mmoja mwenye kucha nyeusi.

Ukumbini, usawa wa kifua, limening'inizwa kwa nyaya
gari la mwaka sabini na nne,
limepasuliwa katikati kama tikiti.
Wenzake wanapiga picha.
Yeye anachungulia chini ya mlango wa kushoto:
mshono wa kuchomelea, umepinda kidogo,
pale pale.
Jumatatu ile Ludovica aliingia leba,
na mkono ukamtetemeka.
Msimamizi hakuona.

"Tafadhali, mzee, usiguse,"
mlinzi anasema, kwa adabu zote.

Oreste anarudisha kidole mfukoni
kikiwa na baridi ya chuma,
maana alikwisha kugusa.