Amplifaya ya Nusu Wati

Sikuuliza inapaa hadi wapi.
Niliuliza inashuka hadi wapi,
na Jalmari, muuza magitaa, akaweka kikombe chake chini
kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni
kwa lugha ya nyumbani kwao.

Tampere, Februari, nyuzijoto kumi na nane chini ya sifuri.
Vijana wawili wenye nywele hadi kiunoni
walikuwa wakilijaribu kabati la wati mia,
madirisha yakitetemeka
kama meno ya mtoto aliyetoka ziwani.
Nililitazama kwa upole. Nililijua.
Mwaka themanini na saba mimi na Pentti tulilipandisha lile
orofa nne, bila lifti,
tukalipigia kumbi ambazo leo ni maegesho ya magari.
Ngoma ivumayo haidumu:
Pentti alibaki na sikio moja,
mimi na mluzi mwembamba upande wa kushoto
usiojua Jumapili.

Jalmari akaleta ya kwanza, ya vali, wati tano.
"Hii ni ya nyumbani," akasema,
kama kusema dubu huyu ni wa sebuleni.
Namba moja: hakuna kitu.
Namba moja na unywele: Tyyne wa chini kashika ufagio.
Katikati ya hapo na hapo
ndipo ninapoishi.

Ya pili ilikuwa na kompyuta tumboni,
sauti mia mbili, za kanisa, za pango, za chini ya maji,
menyu juu ya menyu kama fomu za pensheni.
Niliingia pangoni, sikuona pa kutokea.

Ya tatu haikuwa hata boksi.
Kijidude cha kuchomeka, ukubwa wa kiberiti,
na vipokea sauti vya kuvaa masikioni.
Jirani hajui. Ukuta wenye masikio haujui.
Pochi ilikuwa tayari mkononi
nilipomkumbuka Hilkka ametoka zamu ya usiku,
uji wa shayiri unapoa, bado kavaa soksi za wodini:
"Usinipigie kelele.
Ila usininyamazie pia.
Nikishtuka saa tisa mchana, pazia jeusi,
sijui ni siku gani, sijui nimemwacha nani hai kule,
nataka kitu kimoja ukutani kiniambie upo."

Basi nikamwambia Jalmari afunge mlango,
awaombe vijana dakika tatu,
awashe birika la chai.
Nikapiga birika likinguruma,
nikishusha, nikishusha,
nikitafuta sauti ipitayo chini ya mvuke
isikatike.

Ilipatikana kwenye rafu ya vitu vya mitumba:
nusu wati, spika ya inchi sita,
ngozi imebanduka pembeni, kitambaa chanuka kahawa,
na mgongoni, kwa wino, jina la paka wa mtu, Mirri.
Noti ilitoka humo nzima.
Haikuwa ndogo. Ilikuwa mbali,
kama taa ya nyumba ng'ambo ya ziwa:
haikumuliki njia,
lakini unajua kuna watu.

"Hiyo?" akauliza kijana mmoja.
Hiyo. Euro sabini.
Nikaikumbatia ndani ya koti kwenye tramu namba tatu,
breki zikilia pale kwenye kona.
Mimi ndiye fundi wake. Nitaziangalia Jumatatu.

Kesho yake, natoka karakana saa saba,
nikaiweka juu ya gazeti, gazeti juu ya zulia,
uso wake kwenye kabati la makoti.
Nyuzi mbili tu, kwa kidole gumba.
Nikangoja ufagio.
Nikapiga ya tatu.

Saa tisa na dakika chache niliinua kichwa.
Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, upana wa kidole.
Si mimi niliyeuacha hivyo.