Bitana

Letaru, kaa hapa karibu na cherehani,
upande ambao jua la Arua halijaufikia.
Leo nakushonea sare ya mikono mirefu,
na kabla uzi haujaisha
nina neno nimelichelewesha miaka kumi na minne.

Usiku uliozaliwa kulikuwa na mvua na taa ya chemli.
Mkunga alifunua kitambaa, akanyamaza.
Nywele zako ndevu za mahindi machanga,
kope zako pamba.
Nami Anguzu, fundi wa kupima watu kwa macho,
nikampima mama yako kwa jicho baya.
Nikauliza: Nani?
Neno moja tu.
Driciru hakujibu. Aligeukia ukuta, akakunyonyesha.

Neno hilo lilikaa kwetu kama mgeni asiyeaga,
likila nasi enyasa sahani moja.
Majirani wa Oli wakaleta yao:
mara laana,
mara alimcheka mtu njiani akiwa na mimba,
mara kitu kilichotoka mto Enyau.
Shangazi akasema, Watu hawa hawafi, hupotea.
Ulikuwa na miaka sita. Ukamwambia:
Shangazi, jino linaniuma tangu jana.
Mtu wa kupotea huumwa jino?

Mwaka huo nesi wa kliniki ya ngozi
alitukalisha benchi moja, mume na mke.
Akachora viduara. Sikuvielewa.
Akatazama koti langu, akasema:
Fundi, ligeuze.
Nikaligeuza. Ndani, bitana nyeupe,
ambayo mpita njia haijui.

Unayo hii, akasema, ulirithi kwa mmoja wa wazazi wako,
naye kwa wake, huko nyuma msikokumbuka majina.
Mkeo anayo vilevile.
Mtoto hukatiwa kipande kwa baba, kipande kwa mama,
na mkasi hukata gizani:
kila mimba, mara moja katika nne,
bitana hukutana na bitana.
Hakuna aliyelaaniwa.
Na wewe, baba, hukuibiwa.

Kurudi nyumbani niliikokota baiskeli, sikuipanda.
Driciru alitangulia, wewe mgongoni kwake chini ya kanga.
Nilitafuta nisamehe kwa Kilugbara, nikaitafuta kwa Kiswahili,
ulimi ukawa sindano isiyo na tundu.
Yeye ndiye aliyesema, bila kugeuka:
Kumbe tulikuwa wawili.
Kisha, baada ya daraja:
Ununue kitambaa kizito.

Ndiyo maana kofia zako zina ukingo wa vidole vinne.
Ndiyo maana nilimsumbua mwalimu hadi dawati likasogea
na ubao ukakufikia.
Ndiyo maana losheni ya jua hununuliwa kabla ya sukari,
na kovu lile dogo sikioni
nililikimbiza hospitali ukanicheka.
Sikudanganyi, kofia haizibi midomo ya stendi.
Wapo watakaokuita mzungu
na papo hapo waombe wapunguziwe bei.
Usipunguze.

Lete sindano.
Hapana, hata mimi tundu silioni siku hizi.
Tutazame, baba na binti,
tumeileta puani kama wanaonusa samaki,
macho yako yakichezacheza, yangu yakitoka maji ya uzee.
Mwite Ayiko atutungie uzi,
mdogo wako, mweusi kama sufuria ya kuni,
anayedhani habari hizi zinakuhusu wewe peke yako.

Akimaliza, mwoneshe koti langu la zamani,
lile pale msumarini.
Mwambie aligeuze.