Sarafu ya Lifti

Haikupasuka. Nianze na hilo.
Vazha aliijaza maji bombani,
akaininginiza chini ya taa
kama fundi baiskeli atafutaye tundu kwenye mpira,
tukaitazama sote wawili, uchi, tukicheka:
hata tone.

Theluji ilikuwa ikianguka juu ya maghorofa ya Gldani.
Leo ni siku ya thelathini na tatu
na sicheki.

Nahesabu siku nikizingoja siku zangu.

Usiku nakanda mikate kwa Tsiala.
Saa tisa unga umelala chini ya kitambaa,
mpole, hauna neno na mtu.
Nikirudi umeumuka, umekiinua kitambaa.
Naubonyeza kidole, unanisukuma.
Jana nilishindwa kuutazama.
"Una nini?" akauliza Tsiala.
Nikasema ni joto la tanuri.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo,
lakini sisi tulikuwa na kinga moja,
ya duka la kona, tarehe yake haijapita;
nimeisoma mara nne kwenye pakiti
niliyoirudia pipani.
Asilimia tisini na nane, wanasema.
Zile mbili zilizobaki zimehamia kwangu,
zimetandika kitanda,
hazilipi kodi.

Sasa kila kiungo kimegeuka shahidi.
Matiti yanauma. Yanauma kila mwezi.
Nasinzia. Nani asiyesinzia
akilala mchana na kuamka magharibi?
Harufu ya jibini imenichefua, na jibini lenyewe
lilikuwa limeoza.

Vazha huniandikia: Bado?
Namjibu: Bado.
Neno hilo moja tunapokezana
kama kibuyu cha chumvi mezani,
wala hakuna anayeuliza, na ikiwa?

Duka la dawa la hapa chini
muuzaji alisoma na mama yangu.
Nikapanda treni ya chini ya ardhi, vituo vinne,
nikanunua kipimo, na pipi za kikohozi
ili nisionekane nimekuja kwa hilo tu.
Nikakohoa kidogo.

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Nikaitumbukizia, ikapanda, ikakwama
kati ya ghorofa ya sita na ya saba.
Nikabaki humo na mfuko wangu na mapigo yangu.
Mtu nje akapiga mlango teke:
"Vumilia! Itakuja tu!"
Itakuja nini, we mama?
Nikajibu, "Asante."

Mstari mmoja.
Nimekiweka kipimo dirishani,
nimekilinda kama maziwa jikoni
hadi madirisha ya ng'ambo yakaanza kuzima taa.
Wa pili haukutokea.
Karatasi inasema, rudia baada ya siku kadhaa.
Hata yenyewe haijiamini.

Nikamwandikia Vazha: Mmoja.
Papo hapo akauliza:
Mmoja nini?

Nimekaa ukingoni mwa beseni, simu mkononi,
miguu imeanza kupata baridi,
na sijui kwa nini
sijamjibu.