Kipande cha Dirisha

Bohdana alizitia mbegu chunguni Januari,
laini kama ugoro, juu ya changarawe,
akakiacha chungu nje, theluji ikifunike.
Jirani akacheka: nani humlaza mtoto nje?

Lakini ua hili la milimani haliamki
mpaka baridi iliume kwanza.
Wala si baridi inayoliua. Ni maji,
yale ya Novemba huku Moravia,
yasiyojua pa kwenda.

Basi akatafuta kioo cha dirisha la jikoni,
lile alilolivunja marehemu Radim kwa kiwiko
mwaka wa ugomvi,
akakiegemeza juu ya mawe ya chokaa, kikawa paa.

Mwaka wa kwanza, majani mawili.
Wa pili, kifundo kigumu kama ngumi ya mtoto mchanga.
Wa tatu, konokono.

Leo asubuhi, kwenye ufa wa jiwe
ambako mvua iliikokota mbegu moja bila kuulizwa,
limechanua: zambarau,
dogo kuliko kifungo cha shati.

Bohdana amepiga magoti juu ya gunia,
miwani mkononi, pua imegusa jiwe.

"Ua lenyewe ndilo hili tu?"
jirani anauliza, kidevu juu ya ua.

"Ndilo. Zunguka uje.
Ukisimama hulioni."